Mlango wa Pili wa Twiga Stars

Usiku ule wa Julai 2025, Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, ilipokuwa ikicheza na Afrika Kusini katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake nchini Morocco, kijiwe chetu cha kahawa hapa Ngamiani, Tanga, kilijaa kuliko ninavyokiona siku nyingi za ligi. Mwenye duka alikuwa ametoa televisheni barazani na kuiweka juu ya kreti mbili za soda, na waliokosa nafasi kwenye mabenchi walitazama wakiwa juu ya baiskeli zao, mguu mmoja chini. Opa Clement alifunga kwanza, na kelele zikavuka hadi barabara ya pili. Kipindi cha pili Bambanani Mbane akasawazisha, mchezo ukaisha 1-1, na watu wakabaki pale wakiijadili sare hiyo dhidi ya bingwa mtetezi kwa furaha ambayo sikuitarajia.

Kahawa ya mwisho ilipokuwa ikimiminwa, mzee mmoja ambaye kijiwe kizima humsikiliza alianza kutupa historia. Alisema kwamba wasichana hawa walionekana katika mashindano ya bara zima mwaka 2010, kisha wakapotea kwa miaka 15, na ndiyo kwanza wamerudi. Mama anayekaanga bajia pembeni ya kijiwe akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye karai lake: "Na Maputo, baba, umeiweka wapi? Na Brazzaville?"

"Ile ilikuwa Michezo ya Afrika, mwanangu, michezo ya mchanganyiko," mzee akajibu kwa upole. "Riadha, ngumi, kuogelea. Ile huwezi kuihesabu kuwa mpira."

Mama hakubishana naye.

Jibu lile lilinikaa kichwani kwa wiki nyingi, ingawa mzee hakuwa amekosea mwaka hata mmoja. Kilichonisumbua ni kwamba kanuni yake ya kuhesabu inatumika karibu kila mahali inapoandikwa habari ya soka letu la wanawake: 2010, halafu 2025, na katikati hakuna kitu. Nikaanza kujiuliza tunapoteza nini kila tunapohesabu hivyo, na kadiri nilivyouliza ndivyo nilivyoona kwamba jambo lenyewe ni kubwa kuliko heshima ya timu iliyosahauliwa.

Kilichochezwa katikati

Mwaka 2010 Twiga Stars, chini ya Charles Boniface Mkwasa, walikwenda Afrika Kusini na kupoteza mechi zote tatu za kundi lao. Wakati ule mashindano hayo yalikuwa na nafasi nane tu kwa bara zima. Ukishindwa kuipata mojawapo, ulikaa nyumbani miaka miwili kusubiri mchujo mwingine, na mchujo wenyewe unaweza kwisha kwa mechi mbili tu.

Lakini Septemba 2011, mwaka mmoja tu baadaye, timu hiyo ilikuwa Maputo kwenye Michezo ya Afrika, katika kundi moja na Ghana, Afrika Kusini na Zimbabwe. Mwaka 2015, Rogasian Kaijage akiwa kocha, iliwafunga Zambia 4-2 mjini Lusaka, ikafungwa 3-2 katika mechi ya marudiano nyumbani, na ikapita kwa jumla ya mabao 6-5 kwenda Brazzaville, ambako ilikutana na Nigeria, Côte d'Ivoire na wenyeji Kongo. Katika miaka hiyo yote ambayo Kombe la Mataifa lilichezwa bila sisi, mwaka 2012, 2014, 2016 na 2018, Michezo ya Afrika ndiyo iliyokuwa mlango wa pili wa timu yetu ya wakubwa kuingia katika soka la bara zima.

Narudia matokeo ya Lusaka kwa sababu yananiuma kidogo. Zambia ile tuliyoitoa mwaka 2015 ndiyo iliyokuja kucheza Olimpiki ya Tokyo, na ndiyo iliyocheza Kombe la Dunia la mwaka 2023. Haikuwa mbele yetu siku ile. Ilitupita baadaye, katika miaka ambayo sisi tulikuwa hatuhesabu.

Au tazama Cameroon. Waliondoka Maputo na medali ya dhahabu baada ya kuifunga Ghana katika fainali. Mwezi uliofuata, Oktoba 2011, waliitoa Nigeria kwa penalti katika mchujo wa Olimpiki, wakaenda London 2012 kwa mara yao ya kwanza, na mwaka 2015 wakafika hatua ya 16 bora katika Kombe la Dunia nchini Canada. Siwezi kudai kwamba medali ya Maputo ndiyo iliyowafikisha huko. Ninachosema ni kwamba timu iliyokuwa imecheza pamoja kwa majuma mawili, ikalala pamoja, ikashinda pamoja na kurudi nyumbani na dhahabu, ilikuwa tayari kwa Nigeria mwezi uliofuata kwa namna ambayo timu iliyokusanywa juzi isingeweza kuwa.

Na kama kweli michezo ya mchanganyiko haihesabiki, basi tufute na mengine. Filbert Bayi alimshinda Kipchoge Keino katika mita 1500 mjini Lagos mwaka 1973, kwenye Michezo hiyo hiyo ya Afrika, mwaka mmoja kabla hajavunja rekodi ya dunia kule Christchurch. Sijawahi kumsikia Mtanzania akisema kwamba ushindi ule si riadha halisi kwa sababu uwanja wa jirani kulikuwa na ngumi.

Michezo hii ilianza Brazzaville mwaka 1965. Soka la wanawake liliingizwa mwaka 2003, mjini Abuja.

Miaka 38 ilipita kabla ya mlango huo kufunguliwa.

Kusafiri na wengine

Siku chache baada ya mechi ile nilimrudia mama wa bajia, nikamwamkia, nikamwuliza ilikuwaje akaikumbuka Maputo wakati wanaume wote wa kijiwe waliisahau. Alinitazama kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la ajabu. Alikuwa amecheza mpira shuleni, akasema, naye alifuatilia Twiga Stars redioni kwa sababu baadhi ya wale walikuwa rika lake.

Nikamwuliza nyumbani walimruhusuje.

"Baba hakuruhusu mpira," alisema. "Aliruhusu michezo ya shule."

Akanieleza jinsi ilivyokuwa. Timu ya shule ilipokwenda kwenye mashindano ya wilaya, lori moja lilibeba wasichana wa netiboli, wa mpira wa mikono, wa kukimbia na wa mpira wa miguu pamoja, na mwalimu wa kike alikaa nao nyuma. Baba yake alimjua mwalimu yule. Alijua pia kwamba binti wa jirani, mchezaji wa netiboli ambaye hakuna aliyemtilia shaka, alikuwa kwenye lori lile lile. Binti yake angeaga kwamba anakwenda kucheza kandanda peke yake na kundi la wasichana wanaojiita timu, jibu lingekuwa jingine. Kwa kuwa alikuwa sehemu ya msafara, aliondoka na baraka, na mkoba wa chakula juu.

Wengi waliosoma wanaifahamu UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, kwa hiyo sihitaji kuyaeleza zaidi. Lakini nilikuwa sijafikiria kwamba kule kuchanganya michezo, ambako mzee wa kijiwe alikuona kuwa upungufu, ndiko kulikompa binti wa Tanga ruhusa. Mchezo ambao watu bado wanautilia shaka huingia kwa kusindikizwa na michezo ambayo hakuna anayeitilia shaka. Wazazi hawakulazimika kuamua kama mpira wa miguu unamfaa msichana, kwa sababu waliulizwa tu kama binti yao anaweza kuiwakilisha shule.

Sidhani kwamba hali ni tofauti sana katika ngazi ya taifa. Timu ya wanawake inapokwenda kwenye mashindano ya mpira peke yake, hupimwa kwa kulinganishwa na timu ya wanaume, na katika kipimo hicho huanza ikiwa imeshashindwa: watazamaji wachache, fedha chache, kurasa chache za gazeti. Inapokwenda kwenye Michezo ya Afrika huenda ndani ya msafara wa nchi, chini ya bendera moja na wanariadha na mabondia, na medali yake ikipatikana huandikwa katika jedwali lile lile, ikiwa na uzito ule ule wa medali ya mwanamume aliyekimbia marathoni. Jedwali la medali halina safu ya wanawake pembeni.

Hili ndilo lililonifanya niache kuuona mjadala wa kijiwe kama mjadala wa kumbukumbu.

Mwaka 2019

Kisha mlango ukafungwa, na sikumbuki kuona mtu yeyote hapa kwetu akipaza sauti.

Mwaka 2019, Michezo ya Afrika ilipofanyika Rabat na miji ya jirani, soka la wanawake halikuwa tena la timu za wakubwa. Lilikuwa la wasichana wenye umri chini ya miaka 20. Nigeria walishinda kwa penalti dhidi ya Cameroon. Utaratibu ukaendelea vivyo hivyo nchini Ghana mwaka 2024, ambapo wenyeji waliwafunga Nigeria 2-1 katika fainali.

Mtu anaweza kusema kwamba wanaume nao waliwekewa kikomo cha miaka 20, kwa hiyo usawa umezingatiwa. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu na sikubaliani nalo. Wanaume walikuwa tayari wanacheza Michezo hiyo kwa timu za chini ya miaka 23, hivyo walishuka ngazi moja tu. Wanawake walitolewa kwenye timu ya wakubwa moja kwa moja. Na mwanamume mkubwa aliyekosa Michezo ya Afrika bado alikuwa na Kombe la Mataifa, na kama anacheza ligi ya nyumbani alikuwa na CHAN, mashindano ambayo Tanzania, Kenya na Uganda ziliyaandaa kwa pamoja Agosti 2025. Mwanamke mkubwa alibakiwa na Kombe la Mataifa la wanawake, ambalo toleo lake la mwaka 2020 lilifutwa kwa sababu ya korona, na toleo la mwaka 2024 likachezwa Julai 2025.

Mwenye milango mitatu akifungiwa mmoja, bado ana pa kupita. Mwenye miwili akifungiwa mmoja, amebakiwa na foleni.

Najua pia kwamba wasichana chini ya miaka 20 wana mchujo wao wa Kombe la Dunia. Kwa hiyo uamuzi wa mwaka 2019 uliwapa njia ya pili wale waliokuwa tayari na njia, ukawanyang'anya wale waliokuwa na uhaba.

Binti aliyeanza amechelewa

Hata hivyo nilikuwa bado na shaka. Kwa nini nisifurahie kwamba vijana wamepewa nafasi? Kila mtu anasema soka la wanawake litajengwa kuanzia chini, na ushahidi upo. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walicheza robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, na walifika huko baada ya kuifunga Ufaransa. Kocha wao, Bakari Shime, ni mtu ambaye sisi wa Tanga tunamjua tangu siku zake za klabu ya Mgambo JKT, naye ndiye aliyewaongoza Twiga Stars kule Morocco. Kama mfumo wa vijana unazaa matunda namna hiyo, huenda kikomo cha umri ni jambo jema.

Nikiwa katika hali hiyo ya kutojua ninasimama wapi, nilikwenda jioni moja Makorora kumtazama mwalimu mmoja wa kike anayefundisha timu ya wasichana. Kiwanja ni cha mchanga, kimeinama kidogo upande wa goli moja, na mazoezi huanza baada ya alasiri na kumalizika kabla ya magharibi, kwa sababu binti wa watu akichelewa kurudi leo, kesho haji. Nilikaa kwenye tofali karibu na mahali walipokuwa wakivalia. Msichana mmoja alitoa mfukoni vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli, vimekatwa kama pete, vipana kiasi cha vidole viwili. Alivivuta juu ya soksi, chini kidogo ya goti, kipande kimoja kila mguu, ili vishike vikinga ugoko vilivyotengenezwa kwa boksi gumu lililokunjwa mara tatu. Kisha akaingiza ncha za kitambaa chake cha kichwa ndani ya kola ya jezi, akazibana kwa pini ndogo upande wa nyuma ambapo mpira hauwezi kumchoma, akaruka mara mbili kuhakikisha kwamba kila kitu kimekaa, na akaingia uwanjani. Kila alichofanya kilikuwa cha mtu aliyelifikiria jambo lake siku nyingi.

"Huyu ndiye beki wangu bora," mwalimu aliniambia. "Ana miaka 21. Ameanza kucheza akiwa na 17."

Nikamwuliza kwa nini alichelewa.

"Wote huchelewa, kaka yangu. Mwulize yeyote pale. Mmoja alisubiri hadi shangazi aliyemlea akubali. Mwingine alikuwa na mdogo wa kubeba mgongoni. Yule mrefu alikwenda Muheza kufanya kazi za ndani, amerudi ana 18. Mvulana wa Tanga anaanza mpira akianza kutembea. Msichana anaanza siku anapoachiwa."

Maneno yake yaliniondolea shaka kwa namna ambayo takwimu isingeweza.

Kikomo cha miaka 20 kinaonekana hakimbagui mtu: mvulana na msichana wote wanapimwa kwa cheti cha kuzaliwa. Lakini kinadhani kwamba wote walianza siku moja. Mvulana mwenye miaka 19 ana miaka zaidi ya kumi mguuni, na msichana mwenye miaka 19 pale Makorora ana miwili, labda mitatu. Akifikia ule ukomavu ambao kocha wa taifa angeweza kuuona, umri umeshamtoa. Kwa watoto waliopata bahati ya shule yenye mwalimu anayejali, na mzazi aliyekubali mapema, kikomo hicho ni ngazi. Kwa wengine, ambao kwa mujibu wa mwalimu yule ndio walio wengi katika kiwanja chake, kikomo kinawaadhibu kwa kuchelewa ambako hawakukuchagua.

Na wakati mwingine waliowachelewesha hawakuwa hata wazazi. Hadi Machi 2014, wakati bodi ya kimataifa ya sheria za soka ilipoidhinisha rasmi vazi la kufunika kichwa, binti aliyejistiri hakuwa na uhakika wa kuruhusiwa kucheza mechi rasmi ya kimataifa. Timu ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan katika mchujo wa Olimpiki Juni 2011 kwa sababu hiyo hiyo, miezi mitatu kabla ya Maputo. Katika mji kama huu wetu, ambapo mzazi anaweza kukubali kila kitu kasoro kichwa wazi, mabadiliko yale yalikuwa na maana kubwa. Lakini msichana aliyekuwa na miaka 16 wakati sheria inabadilika, na akahitaji miaka mitatu minne kujifunza, alikuwa ameshavuka 20 Rabat ilipofika mwaka 2019.

Kipa wa Santiago

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuiruka, kwa sababu ni nzito.

Novemba 2023, katika Michezo ya Amerika iliyofanyika Santiago, wenyeji Chile walifika fainali ya soka la wanawake. Kule soka la wanawake huchezwa na timu za wakubwa. Lakini fainali ilichezwa nje ya tarehe ambazo FIFA inazilazimisha klabu kuwaachia wachezaji, na Chile ikajikuta siku ya fainali haina kipa hata mmoja. Mshambuliaji María José Urrutia akavaa glavu na kusimama golini mbele ya watu wake. Mexico wakashinda 1-0. Nimelisoma tukio hilo mara nyingi, na kila mara nawaonea huruma wachezaji wote 11, hasa yeye, ambaye alicheza kwa ujasiri mkubwa katika nafasi asiyoizoea.

Hatari hiyo ingetukuta na sisi. Mwaka 2011 kocha wa Twiga Stars angeweza kumwita karibu kila mchezaji wake kwa simu na kumpata. Leo wachezaji kama Clara Luvanga na Aisha Masaka wamesajiliwa na klabu za nje, na klabu zao hazina wajibu wa kuwaachia kwa ajili ya mashindano yasiyo katika kalenda. Anayetetea kikomo cha umri anaweza kusema: afadhali timu kamili ya vijana kuliko timu ya wakubwa yenye mshambuliaji golini. Hoja hiyo ilinirudisha nyuma, na kwa siku kadhaa niliona kwamba pengine mwaka 2019 waliamua kwa busara.

Kilichonitoa hapo ni Asia. Soka la wanawake liliingia katika Michezo ya Asia mwaka 1990 mjini Beijing, na mpaka leo wanaume huko wana kikomo cha miaka 23 ilhali wanawake hawana kikomo. Mwaka 2023 kule Hangzhou, Japan hawakupeleka timu yao ya kwanza. Walipeleka wachezaji wa ligi ya nyumbani na wa vyuo vikuu, wakiwaacha nyota wao wa Ulaya, na wakachukua dhahabu kwa kuifunga Korea Kaskazini 4-1. Hawakuwa na tatizo la kipa kwa sababu hawakujenga timu juu ya watu ambao hawakuwa na haki ya kuwaita.

Japan ina utajiri wa wachezaji ambao sisi hatuna, nalikubali. Lakini njia yenyewe haihitaji utajiri. Inahitaji tu uamuzi kwamba Michezo hii ni ya wale walioko nyumbani.

Kabla ya Cairo

Michezo ijayo ya Afrika imepangwa kufanyika Misri mwaka 2027, na ningependa Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), Baraza la Michezo la Taifa na Kamati ya Olimpiki Tanzania zipeleke pendekezo moja mapema, kabla ya kanuni kuchapishwa: soka la wanawake katika Michezo ya Afrika lichezwe na wachezaji wa ligi za nyumbani, bila kikomo cha umri. Wanaume wana mashindano ya namna hiyo, CHAN, tangu mwaka 2009, na wanawake hawana. Hakuna klabu ya Ulaya itakayoombwa mchezaji, kwa hiyo tatizo la Santiago halitakuwepo. Wasichana wa miaka 18 walio bora bado wataitwa, kwa sababu aliye bora huitwa bila kujali umri, na mchujo wao wa Kombe la Dunia utabaki pale pale. Ligi yetu ya wanawake, ambayo ilianza mwaka 2016 na imeshazitoa Simba Queens na JKT Queens kuwa mabingwa wa ukanda huu, itakuwa na kitu cha kuwaandalia wachezaji wake zaidi ya ubingwa wa nchi. Nasi tulioko mikoani, ambako timu hufa kila mwaka kwa kukosa nauli, tutakuwa na jibu la kumpa beki mwenye miaka 21 anapouliza anajiandaa kwa ajili ya nini.

Nimeshaongea na watu wawili watatu wanaoufahamu uongozi wa soka, na mmoja aliniambia kwamba kanuni za mashindano hazibadiliki kwa sababu ya nchi moja. Ni kweli. Lakini Kenya, Uganda, Ethiopia na Rwanda zina ligi zinazofanana na yetu na wachezaji wanaochelewa kama wa kwetu. Nchi hizo hukutana na Tanzania katika vikao vya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, na ajenda ya kikao hupelekwa kwa barua ya kawaida yenye ukurasa mmoja. Naamini barua hiyo inaweza kuandikwa na chama cha soka cha mkoa, na Mkoa wa Tanga ungekuwa mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa kocha wa timu ya taifa amepita hapa na anajua viwanja vyetu vilivyo.

Mwalimu wa Makorora ameshanipa orodha ya wachezaji wake na umri waliokuwa nao walipoanza kucheza, majina yakiwa yameondolewa, ili iambatanishwe na barua. Ninatafuta walimu wengine wa Pangani, Muheza, Korogwe na Lushoto watakaokubali kufanya hivyo hivyo kabla mwaka haujaisha.